Dakika Moja ya Kimya na Neno Lililozidi

Mtoto anayetaka kumwomba Mungu wake kimoyomoyo darasani hahitaji ruhusa ya bunge. Anaweza kuomba huku anachonga penseli, au karatasi za mtihani zinapogawiwa, na hakuna askari wala mwalimu atakayejua. Basi watu wazima walifikaje Mahakama ya Juu ya Marekani kugombania dakika moja ambayo hakuna mtu aliyefungua kinywa?

Kisa kinaanzia Alabama. Mwaka 1978 jimbo hilo lilitunga sheria kwamba kila asubuhi, darasa la kwanza hadi la sita katika shule za serikali, mwalimu atangaze kimya kisichozidi dakika moja kwa ajili ya kutafakari. Mwaka 1981 ikaja sheria nyingine inayofanana nayo sana, ila safari hii kimya kilikuwa cha kutafakari "au sala ya hiari". Mwaka 1982 wakapiga hatua ya tatu: mwalimu akaruhusiwa kuwaongoza wanafunzi walio tayari katika sala iliyoandikwa ndani ya sheria yenyewe. Ukizipanga sheria hizo tatu kwa mfululizo, hutahitaji wakili kukueleza msafara ulikuwa unaelekea wapi.

Ili kuelewa pupa hiyo, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1962 Mahakama ya Juu ilipiga marufuku sala fupi ambayo mamlaka ya elimu ya New York ilikuwa imeitunga ili isomwe madarasani. Mwaka uliofuata ikazuia pia usomaji wa Biblia na Sala ya Bwana kama desturi rasmi ya shule. Hukumu ya 1962 iliandikwa na Jaji Hugo Black, mzaliwa wa Alabama na mwalimu wa muda mrefu wa Shule ya Jumapili katika kanisa la Kibaptisti. Hoja yake haikuwa kwamba sala ni kitu kibaya. Alisema kutunga sala za wananchi si kazi ya serikali. Majimbo mengi ya kusini hayakuipokea hukumu hiyo kwa moyo mkunjufu, na wabunge wakaanza kutafuta upenyo.

Upenyo wa Alabama uliwekewa kizuizi mjini Mobile na mwanasheria aitwaye Ishmael Jaffree, baba wa watoto watatu waliosoma shule za serikali. Mwaka 1982 alifungua shauri akidai kwamba walimu waliwaongoza watoto katika sala za pamoja kila siku, na kwamba wanawe walitengwa na wenzao walipokataa kushiriki. Jaji wa kwanza kusikiliza shauri hilo, Brevard Hand, alitoa uamuzi wa kushangaza: kwa maoni yake, Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yanayoikataza serikali kuanzisha dini, hayakuyafunga majimbo, kwa hiyo Alabama ilikuwa huru kuwa na dini yake ikitaka. Mahakama ya rufaa ikautupa uamuzi huo. Sheria ya 1982 ikafa mapema, ile ya 1978 Jaffree akaacha kuipinga, na iliyobaki kugombaniwa huko juu ikawa ile ya katikati.

Hukumu ilitoka Juni 4, 1985, kwa kura 6 dhidi ya 3. Jaji John Paul Stevens, aliyeiandika, alijiuliza swali ambalo hata mpiga soga wa kijiweni angeuliza: kama sheria ya 1978 ilikwisha kumpa mtoto dakika ya kimya, na ndani ya kimya hicho tayari angeweza kusali, hiyo "sala ya hiari" iliongezwa ya nini? Jibu lilitoka kwa seneta aliyeuleta mswada, Donald Holmes. Alieleza mahakamani kwamba shabaha yake ilikuwa kuirudisha sala ya hiari shuleni, na kwamba hakuwa na shabaha nyingine. Kwa mwanasheria, ushahidi wa namna hiyo ni kujifunga bao. Serikali ilikuwa inawanyooshea watoto kidole cha kuwaonyesha kimya hicho ni cha nini.

Majaji watatu walipinga, na hoja yao haikuwa nyepesi. Jaji Mkuu Warren Burger alikumbusha kwamba Mahakama ya Juu yenyewe hufungua vikao vyake kwa kumwomba Mungu ailinde, na ng'ambo ya barabara Bunge lina makasisi wanaolipwa. Kwa nini basi mtoto aogopeshwe na neno moja? Mimi naona tofauti iko kwenye umri. Seneta akichoshwa na sala hutoka nje kunywa kahawa. Mtoto wa miaka saba hatoki. Waliowahi kusimama paredi asubuhi wanajua jinsi "hiari" inavyokuwa pale wenzako wote wameinamisha vichwa nawe umebaki unakodoa macho.

Kuna jambo jingine ambalo lugha yetu hulionyesha haraka. Mwislamu hutofautisha swala na dua: swala ina udhu, ina kibla, ina kurukuu na kusujudu, wala haiswaliki ukiwa umekaa kwenye dawati kwa sekunde sitini. Dua inawezekana. Hivyo sheria inayotaja "sala" ya kimya imekwisha kuchagua, pengine bila kujua, ibada za watu fulani zinazoenea ndani ya dakika moja.

Wengi hudhani mwaka 1985 ulizika kimya chote. Haikuwa hivyo. Georgia ilitunga sheria ya kimya iliyosema wazi kwamba kisiendeshwe kama ibada; mwalimu mmoja aliyekataa kusimamisha kipindi chake akafukuzwa kazi, akashtaki, na mwaka 1997 akashindwa kwenye rufaa. Virginia ilithubutu kulitaja neno sala, lakini ikaliweka pamoja na kutafakari na shughuli nyingine yoyote ya kimya, na mwaka 2001 ikapita. Mstari ni mwembamba mno, nakiri.

Texas nayo ina dakika hiyo, na mahakama ya rufaa iliikubali mwaka 2009. Huko ziko familia nyingi za Wakongo wanaozungumza Kiswahili nyumbani, na watoto wao huipitia kila asubuhi baada ya viapo vya bendera mbili, ya taifa na ya jimbo. Mzazi anaweza kuandika barua mtoto asamehewe viapo; kimya hakina barua. Lakini mtoto akirudi nyumbani na kusimulia kwamba leo walinyamaza, haidhuru kumuuliza mwalimu alisema nini kabla ya kunyamaza, na alisema nini kwa yule aliyekuwa akichora.