Gari la Chama Lisipowaka: Betri Isihukumiwe Kabla ya Kupimwa

Mara nyingi gari la chama hugoma siku ile ile linapohitajiwa zaidi. Magunia yamefika ghalani, wanachama wamekaa kivulini wakingoja fedha kutoka benki, na mawingu ya mvua yanakusanyika. Dereva anapiga stata, unasikika mlio mmoja tu, kisha kimya. Hapo hutolewa hukumu ya haraka: "Betri imekufa." Katibu huandika vocha, betri mpya hununuliwa, na baada ya majuma machache gari hugoma tena. Kwa njia hiyo chama chaweza kununua betri mbili au tatu kwa mwaka mmoja, na ugonjwa wenyewe ukabaki pale pale.

Fedha hizo ni jasho la wanachama. Kwa hiyo yafaa katibu na wajumbe wa kamati wafahamu njia ya kuutafuta ubaya, hata kama kazi yenyewe itafanywa na fundi. Mfano unaotumika hapa ni Land Rover ya petroli ya Series III, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Magari mengi ya zamani hufuata utaratibu unaofanana na huo.

Safari ya umeme

Betri ya volti 12 ina vyumba 6, na kila kimoja hutoa volti 2 na kidogo. Dereva akizungusha ufunguo, umeme mdogo huenda kwenye swichi kubwa ya stata, ambayo mafundi huiita solenoidi. Swichi hiyo hufungua njia kwa umeme mwingi kupita katika waya mnene mpaka kwenye stata. Kisha umeme hurudi katika betri kwa kupitia injini, chasisi na waya wa ethi. Njia ya kurudi ina umuhimu sawa na njia ya kwenda, lakini ndiyo inayosahauliwa zaidi.

Watu wengi hushangaa kuona taa zinawaka vizuri na stata haizunguki. Sababu ni hii. Taa kubwa mbili hutumia kiasi cha amperi 8 tu, lakini stata yaweza kutaka amperi 200 au zaidi. Tuseme kichwa cha betri kina kutu kiasi cha kupoteza volti 4 zinapopita amperi 200. Kutu hiyo hiyo, zikipita amperi 8, itapoteza chini ya moja ya tano ya volti moja. Taa hazitaonyesha tofauti yoyote, hali stata imebakiwa na volti 8 au pungufu. Betri hapo ni nzima. Njia ndiyo iliyoziba.

Majaribio ya taa

Gari liwekwe gia huru na breki ya mkono ivutwe. Mtu mmoja awashe taa kubwa na kupiga stata, na mwingine azitazame taa.

1. Taa zikififia sana au kuzimika, ama betri haina nguvu, ama vichwa vyake ni vichafu au vimelegea. Yawezekana pia kwamba stata imenasa katika meno ya gurudumu la injini. Ikiwa imenasa, ufunguo uzimwe, gari litiwe gia ya juu, breki iachiwe, kisha lisukumwe mbele na nyuma kidogo. Mara nyingi stata hujinasua.

2. Taa zikibaki na mwanga wake na usisikike mlio wowote, umeme mdogo haufiki kwenye solenoidi. Ikaguliwe swichi ya ufunguo na waya mwembamba utokao hapo.

3. Taa zikibaki na mwanga na usikike mlio mmoja, yaelekea solenoidi imeungua ndani, au kaboni za stata zimekwisha. Hiyo ni kazi ya fundi umeme.

4. Stata ikizunguka kwa kasi bila kuizungusha injini, meno yake hayashiki. Huenda yamejaa vumbi. Yasafishwe, wala yasipakwe oili, kwa maana oili hukusanya vumbi zaidi.

5. Injini ikizunguka kwa nguvu lakini isiwake, betri na stata hazina kosa. Zitazamwe plagi, koili, kondensa na pointi, ambazo nafasi yake katika injini hii ni milimita 0.35 hadi 0.40. Isisahauliwe kutazama kama petroli imo.

Kusafisha na kupima

Kwanza ufunguliwe waya wa ethi, na wakati wa kurudisha ufungwe mwisho. Vichwa vya betri vioshwe kwa maji ya moto yenye magadi, bila kuyaacha yaingie ndani ya vyumba, kisha visuguliwe kwa msasa, vikazwe na kupakwa grisi juu. Pale waya wa ethi unaposhika chasisi nako kusuguliwe mpaka chuma king'ae. Ni marufuku kuvuta sigara karibu, kwani gesi itokayo katika betri hulipuka.

Betri iliyojaa, baada ya kulala usiku mzima, huonyesha kiasi cha volti 12.6. Wakati wa kupiga stata isishuke sana chini ya 10. Injini ikiunguruma, kipimo kiwe kati ya 13.8 na 14.4. Kikibaki 12, altaneta haichaji, na hata betri mpya itakufa kama ile ya kwanza. Huu ndio ubaya unaovimaliza vyama vingi fedha bila kujua.

Tahadhari moja zaidi: Land Rover nyingi za kabla ya 1967 zilifungwa upande wa chanya kwenye bodi, ilhali Series III hufungwa upande wa hasi. Anayefunga betri kinyume anaweza kuharibu vifaa vya umeme.

Wajibu wa kamati

Kabla ya vocha ya betri kutiwa sahihi, dereva au fundi aandike katika daftari la gari mambo matatu: taa zilifanyaje, vichwa na ethi vilisafishwa lini, na vipimo vitatu vya volti vilikuwa vingapi. Betri ya zamani irudishwe stoo na kuandikwa. Mkaguzi akifika, au mwanachama akiuliza katika mkutano mkuu kwa nini fedha zilitumika, katibu atakuwa na jibu lililoandikwa. Kazi hii ifanyike kabla ya msimu kufunguliwa, wakati ghala lingali tupu na hakuna anayengoja malipo.