Pilkapilka za Krismasi zisiwasahaulishe wazee dawa

Ifikapo Desemba, wazee wastaafu wa Kitale hawana nafasi ya kuketi. Baba anaanika mahindi uani, ayapukuchue na kuyatia magunia. Mama anahesabu kuku na vitanda, maana watoto na wajukuu wako njiani kutoka Nairobi. Kisha kuna safari ya Bungoma kuwaona jamaa.

Hapo ndipo vidonge vya shinikizo la damu husahauliwa. Mama mmoja alinieleza kwamba kwa kuwa hakuumwa na kichwa, aliona aviache hadi wageni waondoke. Nilipompima, shinikizo lilikuwa juu mno. Msomaji, ugonjwa huu hauumi. Huenda dalili ya kwanza ikawa kiharusi.

Wazee wetu, mezeni dawa kila siku kwa saa ile ile, na mnaposafiri mfungashe za kutosha. Chumvi yote mlayo kwa siku isifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai.

Nanyi vijana, mkiwasili, kabla ya kuulizia kuku, muulizeni mama: je, umemeza dawa leo? Kisha mwachukulie wazee magunia, wapumzike.