Sanaa ya Taka Isiwe Taka Nyingine

Mwanafunzi aagizwapo kutengeneza picha kuhusu uchafuzi wa mazingira, mara nyingi safari yake ya kwanza huwa ya dukani. Hununua manila, gundi na vipambo vya plastiki. Alama zikishatolewa, picha hutupwa jalalani. Kazi iliyokusudiwa kuukemea uchafuzi huwa imeuongeza, na mzazi mwenye mfuko mtupu huwa ameumia bure.

Yafaa sanaa mseto, yaani ile inayochanganya rangi, nguo, karatasi na vikorokoro, iundwe kwa taka za mahali penyewe. Mto Kathita hupita Meru, na Rupingazi hupita Embu. Maji ya mito hiyo hatimaye huingia Tana, na Tana humwagika katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Uchafu wa mlimani una njia ya kufika pwani.

Huko pwani, wenzetu wa Lamu wametangulia. Fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi la Flipflopi, lenye urefu wa mita 9, kwa takribani tani 10 za plastiki iliyookotwa, wakalipamba kwa kandambili zipatazo 30,000. Lilizinduliwa mwaka 2018, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Vyaelea, vimeundwa. Alitazamaye hahitaji hotuba, kwani huenda akaona kandambili mfano wa ile aliyoitupa mwenyewe.

Mwalimu wa Meru ana mfano ulio karibu zaidi. Tangu jadi miraa hufungwa kwa majani ya mgomba. Mifuko ya plastiki ilikuja baadaye, na Kenya ikaipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Hata hivyo, mabaki yake hayaozi upesi. Mwanafunzi akibandika jani kavu la mgomba kando ya kipande cha mfuko kilichofukuliwa shambani, amekwisha kusimulia historia na kutoa hukumu.

Gundi ipikwe kwa unga, rangi itoke katika udongo mwekundu na makaa. Taka zioshwe kwa sabuni. Mikebe ya dawa za kunyunyizia kahawa na taka za hospitali zisiguswe kamwe. Chini ya kila picha paandikwe mahali taka zilipookotwa. Kisha kazi hizo zisifichwe ofisini mwa mwalimu mkuu, bali zitundikwe sokoni, mbele ya macho yetu sisi tunaotupa.