UFAGIO WA MAMA ANAYEUMWA MGONGO



Kila siku ya kupima mimba na ya kupima watoto, wamama wengi wanatuambia: "Munganga, mugongo inaniuma. Nikimaliza kufagia, siwezi kusimama mara moja." Wengi wanaomba dawa. Dawa inaweza kutuliza maumivu kidogo, lakini kama kazi inayoumiza mgongo inaendelea vilevile, maumivu yatarudi. Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya kitu kilicho ndani ya kila nyumba: ufagio.

1. Kwa nini kufagia kunaumiza mgongo?

Toka shingo mpaka kiuno, uti wa mgongo una mifupa 24 iliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Kati ya mifupa hiyo kuna vitu laini kama mito midogo, na mito hiyo inapokea uzito wa mwili. Ukisimama wima, uzito unashuka sawasawa. Ukiinama, kichwa, kifua na mikono vinaning'inia mbele, na nyama za kiuno zinavuta kwa nguvu ili usianguke. Hapo mito ya kiuno inabanwa sana.

Ufagio mfupi wa njiti za ngazi unakulazimisha kuinama hivyo robo saa nzima, hata nusu saa kama kiwanja ni kikubwa. Mwenye mimba anaumia zaidi, maana mimba inalegeza kano zinazofunga mifupa, na tumbo linavuta mgongo mbele. Aliyezaa juzijuzi naye, nyama za tumbo lake bado ni dhaifu kwa majuma mengi.

2. Ufagio gani unafaa?

Sheria ni moja: ufagio upande mpaka kwa mama, mama asishuke mpaka kwa ufagio.

Urefu. Simamisha ufagio mbele yako. Mwisho wa mti ufike kati ya kifua na kidevu. Mama mrefu na binti yake mdogo hawahitaji mti wa urefu mmoja.

Uzito. Shika ufagio kwa mkono mmoja, unyooshe mkono mbele, uhesabu polepole mpaka kumi. Kama mkono unatetemeka, ufagio ule ni mzito kwako. Mwanzi mkavu ni mwepesi. Mti mbichi ni mzito kwa sababu una maji ndani.

Mti wenyewe. Uwe laini, usio na vibanzi, na unene wa kutosha kushikwa bila kukaza vidole.

Kichwa. Kwa kiwanja cha udongo, njiti ngumu zinafaa. Kwa sakafu ya simenti, tumia majani laini. Kichwa kipana kinachukua takataka nyingi mara moja, lakini kikiwa kizito kinachosha mkono.

Kama huna franga za kununua ufagio mpya, chukua ule ule wa njiti, uufunge kwenye mwanzi mkavu kwa kamba iliyokatwa katika mpira wa ndani wa gurudumu la kinga. Kaza sana, ili kichwa kisichezecheze.

3. Namna ya kufagia

Nyunyiza maji kidogo ili vumbi lisipande. Weka mguu mmoja mbele. Fagia karibu na miguu yako, na ukitaka kufika mbali, tembea. Usizungushe kiuno peke yake. Badilisha mikono mara kwa mara. Kama mgongo unauma, mwache mtoto kwa dada yake au kwenye mkeka, usifagie naye mgongoni. Gawanya kiwanja: sehemu moja asubuhi, nyingine jioni.

Wakati wa kuokota takataka, kunja magoti, au piga goti moja chini. Wakati wa kupangusa sakafu, funga kitambaa kwenye mti mrefu, au piga magoti yote mawili juu ya nguo iliyokunjwa. Kumbuka pia maji: bidoni ya litre 20 ikijaa ina uzito wa kilo 20. Bidoni mbili za litre 10, moja kwa kila mkono, ni afadhali kuliko moja kubwa inayokuvuta upande mmoja.

4. "Watu watasema mimi ni mvivu"

Wamama wengine wanaogopa maneno ya jirani au ya mama mkwe, kwamba mwanamke anayefagia amesimama anadharau kazi. Lakini kiwanja kinakuwa safi vilevile, na mama anabaki na nguvu za kulima, kupika na kunyonyesha. Mungu alitupa mwili tuutunze. Mwonyeshe mume wako karatasi hii. Kukata mwanzi ni kazi ndogo kwake.

5. Wakati ufagio hautoshi

Maumivu mengi ya mgongo yanapungua baada ya majuma machache. Usilale kitandani siku nzima. Tembea na ufanye kazi nyepesi. Lakini njoo hospitalini upesi, usingoje siku ya kliniki, kama unaona moja ya mambo haya:

– mguu unakosa nguvu, au unakufa ganzi;
– hujisikii kati ya mapaja, mkojo unakataa kutoka, au mkojo au choo kinatoka bila kutaka;
– mgongo unauma pamoja na homa, au mkojo unachoma;
– una mimba, na maumivu yanakuja na kuondoka mara kwa mara, au damu au maji yanatoka;
– mgongo ulianza kuuma baada ya kuanguka.

Maumivu yasiyokwisha hata usiku, pamoja na kukonda, kutoka jasho au kukohoa, yanaweza kuwa TB ya mifupa. TB inapona kwa dawa, lakini ikichelewa inaweza kupinda mgongo na kulemaza miguu. Hata mtoto anayeota kibyongo mgongoni, mlete.

Leo ukifika nyumbani, simamisha ufagio wako mbele yako. Kama haufiki kifuani, tafuta mwanzi kabla ya kufagia kesho.

Bwana awape afya njema.