Betri ya moyo 'inapocheza' kifuani: Mgonjwa asinyamaze, wala asiambiwe ni gesi

Kwikwi huanza usiku, bibi akilalia ubavu wa kushoto. Si zile za kunywa maji kwa pupa. Hizi hupiga kwa mwendo mmoja kama saa ya ukutani, na ukiweka kiganja juu ya tumbo lake unazihisi. Akigeukia upande wa pili zinakata. Asubuhi hasemi kitu, kwa sababu akisema ataambiwa ni gesi, na mwenyewe anaogopa kwamba akirudishwa hospitali atapasuliwa tena.

Hali hii huwapata baadhi ya watu waliowekewa betri ya moyo, ambayo wengine huiita pesimeka. Mara nyingi dawa yake haihitaji kisu.

Betri hiyo ni kasha dogo la chuma lenye uzito wa gramu 20 hadi 50, linalowekwa chini ya ngozi karibu na mtulinga. Waya mmoja au zaidi hupita kwenye mshipa wa damu hadi ndani ya moyo. Moyo ukichelewa kupiga, kasha hutuma umeme mdogo, mara nyingi volti 2 au 3 hivi, kama wa betri mbili za redio, tena kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Wengi hawausikii kabisa. Shida huja umeme huo unapomgusa jirani.

Jirani wa kwanza ni neva inayoshuka kifuani kwenda kwenye kiwambo, ule msuli wa kupumulia unaotenganisha kifua na tumbo. Waya ukikaa karibu na neva hiyo, kila pigo la betri linashtua kiwambo, na ndipo kwikwi zinapotokea. Jirani wa pili ni nyama ya kifua inayozunguka kasha, ambayo nayo huweza kuanza kucheza. Kwa jamii iliyozoea kusema jicho likicheza kuna mgeni au msiba, ni rahisi sana nyama ya kifua kupewa maana isiyo yake.

Kinachofanyika kliniki

Mtaalamu huweka kifaa cha kusomea juu ya kifua, kwa nje, na kwenye skrini huona betri ilivyofanya kazi tangu mara ya mwisho. Akitaka hupunguza nguvu ya umeme, au hubadilisha njia unayopita. Mgonjwa amekaa au amelala tu kitandani, hachomwi hata sindano. Kazi hiyo hufanywa na hospitali zinazoweka betri hizi, kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam. Lakini kwikwi zikianza ghafla, hasa wiki za mwanzo baada ya upasuaji, haifai kusubiri tarehe ya kliniki. Huenda waya umesogea, na hapo itahitajika picha ya eksirei, pengine na kuurudisha mahali pake.

Kinachosumbua zaidi kuliko kwikwi ni shingo kudunda. Baadhi ya wagonjwa wana waya mmoja tu, kwenye chumba cha chini cha moyo. Vyumba vya juu na vya chini vikikosa kupokezana, cha juu hukamua damu wakati mlango wake umefungwa, na damu husukumwa kurudi kwenye mishipa ya shingo. Mtu huishiwa pumzi, hupata kizunguzungu na uchovu ambao hakuwa nao kabla. Nyumbani huambiwa, "Mama, si umeshawekewa betri, sasa unachokaje?" Swali hilo linaumiza, tena si sahihi. Mara nyingine kubadilisha mpangilio wa betri kunatosha. Mara nyingine huongezwa waya wa pili, na huo ni upasuaji kweli.

Halafu kuna bodaboda. Betri nyingi zina kipima mtikisiko, ili mtu akitembea moyo uongeze kasi. Kifaa hakijui kutembea, kinajua kutikisika tu. Abiria aliyekaa nyuma ya bodaboda kwenye barabara ya mashimo anaweza kuhisi moyo unakwenda mbio bila sababu. Na kwa vipima vya aina hiyo, kushuka ngazi huweza kuongeza mapigo kuliko kupanda, kwa sababu anayeshuka hutikisika zaidi. Hilo nalo hurekebishwa kliniki.

Wajukuu wasizuiwe kumkumbatia bibi kwa hofu ya kupigwa shoti. Betri hii haimrushii umeme anayemgusa mgonjwa. Cha kuweka mbali ni simu, angalau sentimita 15 kutoka kwenye kasha, kwa hiyo isikae mfuko wa shati upande huo. Sumaku ikikaribia sana huweza kubadilisha mwendo wa betri mpaka iondolewe.

Dalili zisizosubiri hata siku moja ni kuzimia au kukaribia kuzimia, homa, na kovu kuvimba, kuwa jekundu, kutoa usaha au ngozi yake kuwa nyembamba hadi kasha likaribie kuonekana.

Mgonjwa akiwa mtoto

Wapo watoto wenye betri pia, wengine kwa sababu njia ya umeme wa moyo ilikuwa na hitilafu tangu kuzaliwa, wengine baada ya upasuaji wa moyo. Kwa wadogo sana kasha mara nyingi huwekwa tumboni, na mtoto anavyorefuka waya huvutika. Mtoto wa miaka mitano hawezi kueleza mapigo yake. Atasema tumbo linaruka, au ataacha tu kukimbia na wenzake.

Mzazi amwombe aonyeshe kwa kidole ni wapi, kisha agonge mezani jinsi panavyopiga. Mahali pakionekana panacheza, video fupi ya simu inatosha. Aandike saa na mtoto alikuwa anafanya nini, kwa sababu betri nyingi huhifadhi kumbukumbu, na daktari akijua saa atajua pa kutafuta.