Ujasiriamali Darasani: Zaidi ya Kukoroga Sabuni

Kufundisha ujasiriamali ni kumfundisha mwanafunzi kuona hitaji ambalo halijatoshelezwa, kupiga hesabu ya gharama za kulitosheleza, kisha kuamua kama inafaa kuweka fedha na muda mahali ambapo matokeo hayajulikani. Kiini kiko katika uamuzi huo. Kitabu cha Richard Cantillon kilichochapishwa mwaka 1755, zaidi ya miaka 20 baada ya kifo chake, kilimweleza mjasiriamali kuwa mtu anayenunua kwa bei anayoijua ili auze kwa bei asiyoijua. Kwa kipimo hicho, mwenye genge anayebeba tenga la nyanya alfajiri kutoka sokoni yumo katika kundi moja na mwenye kiwanda: wote wawili wamekwishalipa, na hakuna aliyewahakikishia mnunuzi.

Mchumi Joseph Schumpeter, katika kitabu chake cha mwaka 1911, alitazama upande mwingine. Kwake mjasiriamali ni yule anayeleta jambo jipya katika uchumi: bidhaa mpya, njia mpya ya kuzalisha, soko jipya, chanzo kipya cha malighafi au mpangilio mpya wa shughuli. M-Pesa inafaa sana kulieleza hili darasani. Kabla haijaanza Kenya mwezi Machi 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, watu wengi walituma fedha kijijini kwa bahasha iliyokabidhiwa dereva wa basi au ndugu anayesafiri. Huduma hiyo ilizaa kazi ya uwakala, ambayo haikuwapo, na ikayapunguzia mabasi biashara ya bahasha. Mwanafunzi anahitaji kuziona pande zote mbili, kwa sababu uchumi hukua kwa njia mpya kuchukua nafasi ya zile za zamani, na hapo wapo wanaopoteza.

Mchango wa biashara ndogo katika ajira ni mkubwa, lakini si biashara zote zinazokua. Sera ya Tanzania ya mwaka 2003 kuhusu viwanda vidogo na biashara ndogo iliita biashara ndogo sana ile yenye watu 1 hadi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5. Nyingi huanza na mtu mmoja na hubaki naye. Mwenyewe yuko sokoni kwa sababu ajira haikupatikana, na faida ya leo ndiyo chakula cha leo. Huyu anastahili heshima yote, ila biashara yake ni tofauti na ile inayorudisha faida kwenye mashine, ikaajiri watu kumi na kulipa kodi. Somo linalozichanganya hizi mbili humwacha kijana akiamini kwamba kila anayebangaiza yuko njiani kuelekea utajiri. Huko ni kumdanganya.

Kama somo la chuo kikuu, ujasiriamali hutajwa kuanza Harvard mwaka 1947, Myles Mace alipofundisha kozi ya kuanzisha biashara kwa wanafunzi 188, wengi wao askari waliorudi kutoka vitani. Afrika Mashariki ina historia yake. Andiko la Mwalimu Nyerere la Machi 1967, Elimu ya Kujitegemea, lilitaka kila shule iwe na shamba au karakana ya kuzalisha. Kinachosahaulika ni kwamba lilitaka pia wanafunzi washiriki katika maamuzi na waone hesabu za mapato na matumizi. Shule nyingi zilibaki na jembe; daftari na uamuzi vikakaa kwa walimu. Siku hizi Rwanda imelifanya somo la ujasiriamali kuwa la lazima sekondari, na mtaala ulioboreshwa wa Tanzania, uliofuata Toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo, umeiingiza Elimu ya Biashara miongoni mwa masomo ya lazima ya sekondari ya chini. Kosa la jembe bila daftari linaweza kurudiwa kwa sura nyingine.

Sura hiyo ni sabuni ya maji. Katika semina nyingi za ujasiriamali nchini Tanzania, mafunzo huishia kwenye kukoroga sabuni, kupaka batiki na kufuga kuku. Hizo ni stadi za uzalishaji, na ni stadi nzuri, lakini ujasiriamali huanza pale zinapoishia. Chukua kikundi cha wanafunzi wawili kilichotengeneza lita 20 na kuzifunga katika chupa 20 za lita moja. Kemikali zimegharimu shilingi 14,000, rangi na manukato 2,000, chupa tupu 4,000, jumla 20,000. Kwa bei ya 1,500 kila chupa, mauzo ni 30,000 na faida 10,000. Semina nyingi humalizia hapo na watu wakapiga makofi.

Mwalimu anayelijua somo ndiyo kwanza anaanza. Nauli ya kufuata kemikali mjini ilikuwa 2,000. Chupa tatu zilitolewa mali kauli kwa mwenye duka ambaye hajalipa, na hizo ni 4,500. Kilichobaki mkononi ni 3,500, nao walifanya kazi siku mbili wakiwa wawili: shilingi 875 kwa mtu kwa siku. Yanafuata maswali ambayo hayana jibu kitabuni. Je, mwenye duka akifuatwa kila siku ataendelea kuwa mteja? Ikiwa kata nzima imehudhuria semina ileile, nani atamuuzia nani? Hoteli ya karibu inaweza kununua dumu zima kila wiki, lakini itauliza alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na kikundi kitajikuta kinatafuta barua ya utambulisho kutoka Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO). Na zile 3,500, mmoja akizichukua kununulia vocha, wamekula mtaji? Bado hawajaula, kwa kuwa hiyo ni faida. Lakini zile 4,500 zilizoko dukani zisiporudi, faida yao haitazidi hizo 3,500, na mzunguko ujao utaanza na 20,000 zilezile za kununulia vifaa, bila nyongeza. Mwanafunzi aliyeyapitia haya kwa fedha halisi, hata ikiwa kidogo, hujifunza tofauti ya faida na fedha taslimu kwa namna ambayo ubao haumpi.

Utafiti unaunga mkono tahadhari hii. Mjini Lomé, Togo, wenye biashara ndogo 1,500 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Moja lilipata mafunzo ya kawaida ya usimamizi wa biashara. Jingine lilifundishwa uthubutu, yaani kuanza bila kusukumwa, kujitofautisha na wengine na kustahimili vikwazo. La tatu halikupata chochote. Matokeo, yaliyochapishwa katika jarida la Science mwaka 2017, yalionyesha faida ya kundi la uthubutu ikipanda kwa asilimia 30 juu ya kundi la tatu. Ongezeko la kundi la kawaida lilikuwa asilimia 11, kiasi ambacho kitakwimu hakikutosha kuthibitisha kwamba mafunzo ndiyo yaliyoleta tofauti.

Hao walikuwa watu wazima wenye biashara tayari. Kwa wanafunzi, jaribio la Dar es Salaam lina uzito zaidi. Kipindi cha televisheni cha Ruka Juu, kilichotengenezwa na shirika la Femina, kilifuatiliwa na watafiti kwa wanafunzi wa sekondari zaidi ya 2,000. Waliohamasishwa kukitazama walipata ari ya biashara, lakini matokeo yao ya mitihani yalishuka na wachache zaidi waliendelea na masomo. Ushahidi kwamba walifungua biashara nyingi zaidi haukuonekana wazi. Hamasa ilikuwa imewafikia. Njia ya kuigeuza kuwa biashara haikuwafikia. Nchini Rwanda, walimu waliopewa mafunzo walibadilisha ufundishaji wao, na wanafunzi wao wakamiliki biashara kwa wingi zaidi, ila wachache zaidi walifanya kazi za kuajiriwa na kipato chao kwa jumla hakikuongezeka.

Kwa hiyo somo halipaswi kupimwa kwa idadi ya vibanda vilivyofunguliwa na wahitimu. Mtihani wa kueleza sifa tano za mjasiriamali pia hupima kumbukumbu tu. Kipimo kinachofaa ni daftari la miezi kadhaa la mradi wa wanafunzi wenyewe, iwe duka la shule, kitalu cha miche au mgahawa wa mapumziko, likiwa na maamuzi yaliyofanywa, sababu zake na kilichotokea. Mradi uliopata hasara upewe alama za juu ikiwa wahusika wanaonyesha hasara ilitoka wapi. Daftari hilo lina kazi pia baada ya shule: vijana wakiomba mkopo usio na riba unaotengwa na halmashauri, ambapo asilimia 4 ya mapato ya ndani ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, watatakiwa kueleza fedha itaingia wapi na itarudi vipi, na waliozoea kuandika wana cha kuonyesha.