Kompyuta Kuukuu Isitupwe kwa Haraka

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Windows 11 nayo haizikubali kompyuta nyingi za zamani. Hivyo nyumba nyingi zimebaki na mashine nzima isiyo na mlinzi.

Nyumbani kwetu tuna laptopu ya namna hiyo: watoto huisomea, na mama yao huandikia hesabu za ushoni wake. Badala ya kukopa tununue mpya, tulihamia Linux Mint, mfumo usiouzwa. Msingi wake, Linux, ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland.

Kwanza tulinakili picha na nyaraka zote kwenye diski ya nje, kwani kuweka mfumo mpya kwaweza kufuta kila kitu. Kisha tuliuwasha kutoka kwenye flashi, tukaujaribu siku mbili bila kuugusa ule wa zamani.

Uzito haukukosekana. LibreOffice hufungua nyaraka za Word, lakini baadhi ya majedwali hupinda. Programu ya hesabu ya mama watoto ilikataa kabisa. Ikabidi hesabu zihamishwe moja moja, jioni tatu.

Basi wazazi wenzetu, kutupa kizima ni israfu, na kuhama bila kupima ni hasara. Andikeni kwanza kazi zenu za kila siku. Zikitimia katika mfumo mpya, hameni. Zisipotimia, subirini akiba, wala msiingize siri za benki katika mashine isiyolindwa.